Pikipiki ya Baba na Mtamba wa Mtani

Video ile bado ninayo kwenye simu. Siku baba alipozikwa ilizunguka kwenye magrupu yote ya Tabora mjini, ikafika Kaliua, ikafika Dar, ikanirudia kutoka kwa watu nisiowajua, na kila aliyenitumia aliweka vikatuni vya kucheka hadi machozi. Inaonyesha mzee mmoja amevaa koti la baba yangu na helmeti ya baba yangu, amepanda pikipiki ya baba yangu, anakohoa kikohozi cha baba yangu. Halafu inaonyesha anaingia nayo mtaroni. Watu wanacheka. Anayepiga picha anacheka mpaka simu inatikisika mkononi. Sauti ya mwanamke inayopiga kelele "breki! breki!" ni yangu mimi.

Mzee huyo ni mtani wetu. Sisi Wanyamwezi, yeye Mzaramo, aliletwa Tabora na kazi ya reli akiwa kijana, akastaafu hapa, akajenga hapa, na pwani haendi ila kwa misiba. Utani wetu na wao ni wa tangu mababu zetu wakitembea kwa miguu kutoka huku mpaka baharini na mizigo kichwani. Wao wanatuita wapagazi. Sisi tunawaambia wakiona binti amevunja ungo wanauza shamba wapige ngoma. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na unatakiwa ucheke. Anaingia jikoni, anafunua sufuria, anachukua mnofu mkubwa kuliko yote, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Kwenye msiba ndiyo kabisa, anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anaziba njia mpaka akombolewe. Nimekulia humo. Nayajua yote hayo vizuri, ndiyo maana yaliniudhi zaidi.

Yeye na baba walikuwa wakikutana asubuhi hawaamkiani kama watu. "We mpagazi, hujafa tu?" "Nife nikuachie nani wa kukulisha, mla urithi wewe?" Mimi pia nilikuwemo. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kumpa shikamoo mzee yule. Ningempa, angeniuliza naumwa nini.

Sasa hiyo pikipiki. Ilikuwa ya Kijapani, ya zamani, ya wakati pikipiki Tabora zinahesabika, tangi lake lilikuwa jekundu likapauka. Baba aliipanda miaka yote kwenda kununua asali na nta kwa warina asali, Urambo, Kaliua, mpaka Usinge huko ndani kwenye misitu. Nilipoachika na kurudi nyumbani na begi langu, watu wote mtaani walikuwa na la kusema isipokuwa baba. Yeye alinitazama wiki nzima nikifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, kisha akasema, "Panda nyuma twende." Tukaenda. Kifua kilipoanza kumsumbua, nikapanda mbele yeye nyuma. Kilipomlaza kabisa, nikawa nakwenda mwenyewe na ndoo zangu, mwanamke na gauni na suruali ndani, na wenye midomo yao wakasema weee mpaka wakachoka. Warina asali walinizoea. Wakawa wananiwekea asali yangu pembeni, hawampi mchuuzi mwingine hata akija na gari.

Kwa hiyo naomba ieleweke. Kwangu mimi ile pikipiki haikuwa kumbukumbu ya baba. Kumbukumbu ya baba ninayo, ana picha ukutani. Ile ilikuwa kazi yangu, na bila ile mimi ni mwanamke aliyerudi kwao, basi, anayesubiri kuolewa tena au kuzeeka, chochote kitakachotangulia.

Siku ya mazishi wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki nyumbani. Mama alikuwa ameshaingizwa chumbani, ameanza eda. Waliporudi tukasikia kelele uani, na mzee wa watu huyo hapo, anaisukuma pikipiki kutoka bandani, koti la baba mwilini. Alisimama kama baba alivyokuwa akisimama, tumbo mbele. Akapiga kiki. Haikuwaka. Akaitazama kwa dharau, akaiambia, "Hata wewe?" Hivyo ndivyo baba alivyokuwa akiiambia kila asubuhi ya Mungu! Nilicheka. Sitaki kusema uongo, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama dirishani, machozi hayajakauka, nikamsikia naye anacheka. Kwa dakika ile baba alikuwa amerudi uani na tunamwona.

Angeishia hapo, ningempikia pilau.

Lakini pikipiki ikawaka, na mzee akaona sifa. Akatoka nayo njiani. Breki ya mbele ya chombo kile ilikuwa haishiki tangu zamani. Baba alijua, mimi nilijua, tulikuwa tunatumia ya mguu. Yeye hajapanda pikipiki tangu astaafu, na aliyempa ruhusa ni nani? Nikakimbia nyuma yake bila viatu, napiga kelele. Akafika mwisho wa mtaa pale mtaro ulipojengewa mawe, akakamata breki ya mkono kwa nguvu zake zote, na chombo kikaendelea na safari yake.

Alitoka salama. Michubuko tu. Koti la baba limechanika bega. Akasimama juu ya mtaro, vumbi tupu, akashika kifua, akakohoa kile kikohozi, akasema, "Jamani, pikipiki hii ndiyo iliyoniua!"

Watu walivunjika mbavu. Watu wazima walikaa chini. Mimi nilishuka mtaroni. Shokapu za mbele zilikuwa zimepinda kurudi nyuma, rimu imekunjika, tangi limebonyea ubavu mzima, na kava ya injini imepasuka, oili inachuruzika kwenye mawe. Nikaweka kiganja pale kwenye ufa kama vile ningeweza kuizuia. Hakuna aliyenishika mkono. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

Kaka yangu aliingia kesho yake na basi kutoka Dar. Alikuwa ameshaiona video njiani, na kitu cha kwanza alichoniambia, baada ya pole, ni "mzee yule noma." Nilitaka kumpiga na ndoo. Akatoka uani, akaizunguka pikipiki iliyolala kwenye turubai, mikono mfukoni, akaisukuma kidogo kwa ncha ya kiatu.

"Hii iuzwe tu," akasema. "Kuna jamaa ana toyo ya mizigo, ya magurudumu matatu, anatafuta injini. Anaichukua hivihivi ilivyo."

"Na mimi nitakwenda Usinge na nini?"

"Usinge ufuate nini? Baba hayupo. Asali sasa hivi watu wanaleta na malori. Mama akimaliza eda namchukua Dar. Nyumba tunapangisha. Na wewe bado hujazeeka bwana, utapata mtu."

Utapata mtu! Alisema hivyo akitazama simu yake. Nikamwambia kwamba mtu nilishampata nikamrudisha alikotoka, na ile pikipiki ni mirathi, nina sehemu yangu ndani yake hata kama ni spoku moja. Akaniambia yeye ana sehemu mbili, sheria ndivyo ilivyo, nisimlaumu yeye. Tukapandishiana mpaka mama akagonga dirisha kwa upawa. Mwishowe kaka akasema, sawa, kama nina uwezo wa kuitengeneza kabla hajarudi Dar, niitengeneze, hatakuwa na neno, nitabaki nayo. Kama sina, jamaa wa toyo anakuja na mkokoteni. Alijua sina. Kila nilichokuwa nacho kilikwenda kwenye dawa za baba na yeye alijua, maana kila nilipompigia simu wakati baba anaumwa alikuwa kwenye kikao.

Nikamwita fundi. Huyu ana gereji karibu na soko na aliizoea ile pikipiki, alikuwa akiifungua tangu akiwa anajifunza kazi. Akachuchumaa, akapapasa, akazungusha shafti kwa mkono, akasikiliza.

"Injini nzima," akasema. "Hata usiwe na wasiwasi na injini. Mbele ndiyo hakuna kitu. Shokapu, rimu, kava. Na hizi spea siku hizi mpaka uagize."

Akanitajia bei. Nikamwomba arudie. Akarudia ileile, na akaniambia kwa heshima kwamba angekuwa yeye angeiuza, kwa kuwa kwa hela hiyo na nyingine kidogo napata ya Kichina iliyotumika. Hiyo nyingine kidogo sikuwa nayo pia, na kaka asingeniachia hata shilingi moja katika mauzo. Nikamshukuru, nikamtoa mpaka njiani.

Sasa swali likawa moja, na halikuhitaji shule. Aliyeivunja ni nani? Si yupo? Si ana nyumba, ana ng'ombe, ana pensheni ya reli? Nikamtuma jirani aende kwake amwambie kwa adabu: mzee, chombo ulichokivunja ndicho tunachokula, tunaomba utusaidie kukitengeneza.

Jibu lilirudi kabla ya mchana, na halikuja kwangu, lilikuja kwa mtaa mzima. Alilitoa barazani kwa watu wa kahawa. "Mwambieni huyo mpagazi amebebwa vya kutosha. Sasa abebe ndoo kichwani mpaka Usinge kama mababu zake, njia wanaijua." Muuza mkaa ananiambia akicheka. Muuza maandazi ananiambia akicheka. Watoto wa jirani wakinipita wanashika vifua wanakohoa, na hawakuwa wakimwiga baba. Walikuwa wanamwiga yeye anavyomwiga baba.

Nikaingia chumbani kwa mama. Alikuwa kitandani na tasbihi yake, amevaa nguo yake nyeupe ya eda. Nikamwambia nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumshitaki.

"Unamshitaki nani?"

"Si huyo mzee."

"Mtani?" Mama aliweka tasbihi chini. "Una wazimu? Mtani hashitakiwi. Baba yako hana hata wiki ardhini unataka kumwaibisha. Watu watasema watoto wake wameshindwa utani."

"Waseme! Watu watanilisha?"

"Nisikilize wewe kichwa ngumu. Mtani akikuchukulia chako, humdai. Unakwenda unachukua chake. Baba yako mwaka ule alichukua jogoo wake wa mbegu na baiskeli juu, na mwenyewe akamsindikiza mpaka njiani anamtukana. Nenda kachukue unachotaka. Hawezi kukuzuia. Lakini uende unacheka. Umenisikia? Ucheke."

Nilikaa nikamtazama. Sikuwa nimefikiria hilo. Kumbe njia ipo, na ni ya halali, na hakuna mwenyekiti wala polisi atakayeingia kati! Nikavaa baibui, nikatoka.

Njiani nilikuwa najifunza kucheka. Nasema kweli. Natembea kando ya reli najaribu maneno: mla urithi wewe, nimekuja kukufilisi, lete hata hizo ngoma zenu. Yalikuwa maneno mazuri tu, nimeyasema mara ngapi maishani? Siku ile yalikuwa yanatoka makavu. Kila nikitaka kucheka ninaona watoto wanakohoa.

Nilimkuta uani kwake anamkatia majani mtamba wake. Mtamba yule mtaa mzima wa Isevya walimjua, mweusi ana paji jeupe, ana mimba ya kwanza, na mzee alikuwa anamsimulia kila mpita njia atazaa lini na maziwa yatakuwa kiasi gani. Ng'ombe wake mwingine alikuwa kikongwe, amekauka. Wake zake walishatangulia mbele ya haki, watoto wako pwani. Nyumba ilikuwa yeye na ng'ombe.

Aliponiona akaangua kicheko. "Ala! Mpagazi kaja bila mzigo leo? Umetua wapi?"

"Nimekuja kuubeba," nikasema. "Nimekuja kubeba mtamba."

"Bebaaa!" Akapiga makofi. "Mbebe kichwani, nione shingo ya Unyamwezi kama bado ipo! Mzigo wenyewe una mimba, utalipa ushuru wa wawili!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kujibu. Nilitakiwa niseme mimba yenyewe bora itoke kwenye ukoo wako iingie kwenye ukoo wenye akili, au lolote, upuuzi wowote, yeye acheke, mimi nicheke, nifungue kamba, anifuate mpaka njiani anatukana, yaishe. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Nikasema, "Wewe ulimzika baba mchana, na jioni ukamfanya kichekesho cha watoto wa mtaa."

Bado alikuwa anatabasamu. Alidhani ndiyo naanza. "Enhe, tena kichekesho kizuri, kilikuwa—"

"Alipokuwa anakohoa damu usiku ulikuwepo? Ulikuwa umelala. Kile kikohozi ulichokiiga nilikuwa nakipokea kwenye beseni. Umevaa koti lake ukaenda kuvunja riziki yangu, halafu ukasimama mbele ya watu ukasema pikipiki ndiyo iliyomuua. Nimekutumia mtu kwa adabu ukanitangaza barazani. Kwa nini hujafa wewe? Yeye alikuwa na watu wanaomhitaji. Wewe una nani?"

Najua nilivyosema, kwa sababu nilijisikia nikisema. Sauti yangu haikupanda hata kidogo. Ingepanda labda ingesaidia.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni pale halina kazi, kisha likashuka taratibu. Akaweka panga lake juu ya majani. Akajipangusa viganja kwenye msuli aliojifunga, kimoja kimoja, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta cha kufanya na mikono yake. Alikuwa mzee sana. Sikuwahi kuona kwamba ni mzee hivyo, mtu anayekutukana kila siku humwoni umri.

"Samahani, mwanangu," akasema.

Akaenda kwenye mti alipofungwa mtamba, akafungua fundo, ikamshinda mara ya kwanza, akafungua tena. Akaja, akanipa kamba mkononi kwa mikono miwili, kama unavyompa mgeni kitu.

"Mchukue. Huwa hapendi kuvutwa, mwache atangulie. Mimi sikujua kuhusu breki. Nilitaka watu wamwone rafiki yangu mara moja zaidi, basi. Nimekosa. Msalimie mama."

Hakunisindikiza.

Nikatembea na mtamba mjini kwa miguu, anatangulia, mimi nyuma na kamba. Watu wa kahawa wakashangilia, "Eeeh! Mpagazi kalipiza! Mtani kapatikana!" Wakapiga vigelegele vya kejeli, wakasubiri mzee atokee nyuma yangu akitukana. Wakatazama nyuma yangu, hakuna mtu. Wakaacha kushangilia mmoja mmoja.

Nyumbani kaka alitoka na mswaki mdomoni, akaona ng'ombe, akacheka mpaka povu likamtoka. "Dada wewe ni hatari!" Mama dirishani alikuwa anacheka pia, ameshika nondo, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Amesemaje?" akaniuliza. "Amekutukana vipi? Hebu nieleze."

"Hajatukana."

"Alisemaje, basi?"

"Amesema samahani."

Uso wa mama ulijikunja. "Samahani ya kweli?"

"Ya kweli. Ameniita mwanangu."

Aliachia nondo, akarudi kukaa kitandani. Nikamsikia anasema peke yake, "Laa ilaha illallah. Mmeumaliza utani." Na baada ya kitambo, kwa sauti ya chini sana, "Mrudishe ng'ombe wa watu."

Kaka naye alipoelewa alibadilika. Huyuhuyu aliyesema mzee noma! Sasa akawa mtu wa busara. Nimrudishe mtamba, niombe radhi, pikipiki iuzwe, yaishe. Baba angetaka hivyo. Nikamwambia baba alitaka mambo mengi, alitaka hata kumwona mwanawe wa kiume kabla hajafa. Alistahili, na sirudishi neno.

Mtamba alilala kwetu. Asubuhi nikamtazama anatafuna, na upande wa pili nikatazama turubai na kile chuma kilichopinda. Nikimrudisha, jamaa wa toyo atakuja na mkokoteni, na mimi nitakwenda Dar kukaa kwenye sebule ya kaka nikilea watoto wake na kuambiwa ahsante dada. Msimu wa asali ulikuwa karibu. Warina wangu wangeningoja kidogo, kisha wangempa mwenye gari, na nani angewalaumu? Halafu nikajiuliza jambo jingine: nikimrudisha, samahani yake itarudi? Atalimeza lile neno, na mimi nitayameza yangu? Nilijua jibu. Yaliyosemwa yalikuwa yamesemwa, awe na ng'ombe au asiwe naye.

Nikampeleka mnadani. Mama alinuna. Tuliishi chumba kwa chumba na alikuwa ananiambia "chakula kipo" na "mlango nimefunga", hayo tu.

Fundi aliitengeneza vizuri. Shokapu zilitoka kwa mtu Nzega aliyekuwa na pikipiki kama ile ameiweka stoo, rimu ikaagizwa, tangi akaligonga kwa ndani mpaka likakaa sawa ingawa ukipitisha kiganja unajua. Na breki ya mbele, nikamwambia, hiyo ianze kabla ya kitu chochote. Sasa inashika kwa kidole kimoja. Kaka aliiona imesimama kwa miguu yake kabla hajapanda basi. Akatikisa kichwa, akaondoka. Nilikwenda Usinge msimu ulipoanza na nikarudi na ndoo zimejaa, asali yangu ilikuwa imewekwa pembeni. Nikaenda tena. Ninakwenda mpaka leo. Mama alimaliza eda akakataa kwenda Dar, anasema huko hakuna hewa, na ninayemlisha ni mimi na pikipiki hii, na hilo hakuna mtu atakayeninyang'anya kwa maneno.

Kwa hiyo sijuti. Wanaotaka nijute waje wanilipie petroli.

Ila nilikutana naye. Ilikuwa asubuhi, mimi natoka na ndoo tupu, yeye anatoka dukani na kifuko cha sukari, anatembea pembeni ya barabara ya stesheni. Nilikuwa nimesikia aliuza na yule ng'ombe kikongwe, na barazani kwa kahawa hakai sana. Ningeweza kupita. Nikapunguza mwendo, nikasimama mbele yake, nikainua kioo cha helmeti.

"We Mzaramo!" nikampigia kelele, mbele ya watu wote. "Hujafa tu? Au wenzako wamekosa shamba la kuuza wakuzikie?"

Watu wawili watatu wakageuka, wanaanza kutabasamu. Alinitazama. Akaitazama pikipiki, tangi, rimu mpya, akatikisa kichwa kidogo kama anayeona kazi imefanywa sawasawa. Kisha akavua kofia.

"Hujambo, binti," akasema. "Mama hajambo?"

"Mla urithi wewe! Nakutukana hunisikii? Sema basi!"

"Nakusikia, binti. Ahsante. Msalimie mama." Akasogea mpaka ukingo kabisa wa barabara, kifuko cha sukari kifuani, akanipisha nipite.